Orodha ya Ziwa la Mama

Jamaa zangu wa baraza la Mkunazini, tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza kwa zamu. Huyu ananiuliza kwenye kahawa, huyu msikitini nikivaa viatu, na mmoja wenu, ambaye simtaji, alinifuata mpaka kinyozi. Nyote mnataka kujua nilikwenda wapi na Vespa siku mbili kabla ya nikaha ya mwanangu, na kile kisanduku cha chakula nilichokuwa sikiachi mkono kilikuwa na nini. Kila mmoja nimempa kipande, na vipande vyenu havilingani, sasa mnabishana. Naandika mara moja, msome mpeane. Mwisho mnaujua, lakini njia hamuijui.

Chumba cha juu

Mnajua maradhi yangu. Wengine hufuga njiwa, mimi nafuga kompyuta kuukuu. Ziko kumi na nne chumba cha juu, sita zinawaka, nane zinangoja siku yao. Saada, mke wangu, chumba hicho anakiita makaburini. Mkubwa wa makaburi ni ile aliyoniletea mjomba kutoka Dubai mwaka themanini na sita, yenye herufi za kijani. Inatumia diski za inchi tatu, ngumu kama kipande cha sabuni. Baadaye ulimwengu ukachagua diski za saizi nyengine, na zile za inchi tatu zikabaki yatima.

Kwa mashine hiyo niliandika orodha ya mama. Marehemu mama yangu alikuwa na maziwa mengi na moyo wa kuyatoa. Mzazi mtaani akiwa mgonjwa, mtoto huletwa kwetu. Naye alijua hukumu yake: mtoto akinyonya kwa mwanamke mara tano za kushiba kabla hajatimiza miaka miwili, anakuwa mwanawe, na wanawe wote ni ndugu zake, hawaoani. Kwa hiyo aliweka daftari: mtoto wa nani, kanyonya mara ngapi. Mchwa walipolila nusu, aliniita, nami nilikuwa sibanduki kwenye mashine yangu mpya. Akakaa kwenye mkeka akanisomea lililosalia na lililokuwemo kichwani mwake, nikapiga chapa. "Msije mkaozana ndugu kwa ndugu mie nikiwa kaburini," alisema. Karatasi niliyomtolea ilivujiwa na mvua miaka mingi nyuma. Ikabaki diski.

Sasa, wiki ya harusi. Mwanangu Nasra anaolewa na Mbarouk, mtoto wa Bi Time, waliokuwa jirani zetu kabla hawajahamia Kikwajuni. Wanawake wamekaa wanachambua mchele, Bi Time akawa anakumbuka ya zamani, akasema Mbarouk alipozaliwa yeye alishikwa na homa kali, na mama yangu ndiye aliyemnyonyesha. Saada aliniambia mikono yote ilisimama juu ya ungo. Maana ikiwa Mbarouk alinyonya mara tano, basi ni mdogo wangu mimi, na Nasra ni mtoto wa kaka yake.

Tukamwita sheikh. Bi Time akaulizwa ni mara ngapi. Akasema, "Sijui, sheikh. Nilikuwa sijijui. Huenda moja, huenda mbili."

Sheikh akasema shaka haiharamishi. Asiyekuwa na hakika na idadi hawezi kuvunja ndoa ya watu, na nikaha ni Ijumaa. Watu wakashusha pumzi. Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Nisiseme nilifanya kwa dini, nitakuwa mwongo. Nilifanya kwa kujisifu. Miaka kumi na minane watu wananicheka kwa mashine zangu, na leo nimepata la kusema. Nikasema, "Sheikh, idadi ipo. Mama alinisomea, nikaiandika kwenye kompyuta."

Nyuma ya mlango Saada alikohoa. Kile kikohozi nakisikia mpaka leo.

"Kama ipo na inasomeka, isome kabla ya Ijumaa," alisema sheikh. "Ikiwa haisomeki, Mwenyezi Mungu hamkalifishi mtu."

Nikapanda juu mbio. Mkanda wa mpira unaozungusha diski ulikuwa umeyeyuka kama lami. Ningengoja, ningetumia kijiti na pamba. Sikungoja. Nikausugua kwa nguvu, na utepe wa nyaya unaoingia kwenye kichwa cha kusomea ukakatika mkononi mwangu. Saada alikuwa amesimama mlangoni.

"Labda ni heri," alisema.

Nami moyoni nilisema hivyo hivyo. Lakini miguu yangu ilikuwa inashuka ngazi tayari. Nilitia diski kwenye kisanduku cha chakula, nikaifunga na leso.

Amani

Jumatano asubuhi nilikuwa Amani kwa Fundi Shija. Mababu zake walikuja kutoka Unyamwezi, yeye kazaliwa hapa hapa, na hakuna redio kisiwani ambayo hajaifungua. Nilimkuta kainama juu ya redio ya mtu, hakuinua kichwa.

"Subiri," alisema.

Nikasubiri. Nikakaa, nikasimama, nikapanga skrubu zake kwa ukubwa. Akaniletea chai na mkate wa ajemi ili nitulie. Nikaimeza chai ya moto ikaniunguza ulimi. Alipomaliza redio ya watu ndipo akaitazama mashine yangu niliyoifunga nyuma ya Vespa, na akautazama ule utepe uliokatika kwa muda mrefu, kama daktari aliyeletewa mgonjwa kwa kuchelewa.

"Ungeniletea kabla hujaigusa," alisema. "Huu hauungiki. Unataka mashine nyengine kama hii."

"Ipo wapi?"

Akafikiri. Akatia sukari kwenye chai yake, akakoroga, mimi nusura nimpokonye kijiko. Mwisho akasema miaka tisa nyuma alitengeneza moja, pacha ya yangu, ya hoteli moja Kendwa. Kama hawajaitupa, ipo huko.

Mtu mwenye akili angerudi nyumbani akasema haikupatikana. Sheikh kasema hamkalifishi mtu. Mimi niliiacha mashine kwa Shija nikapiga teke Vespa. Nawaambia kweli, sikujua kama nilikuwa natafuta jawabu au natafuta mashine. Niliposikia neno pacha nilifurahi, na nilipokumbuka sababu ya safari nikaona haya.

Kivunge na Kendwa

Kabla ya kufika Kivunge tairi la nyuma likapasuka. Vespa ina mahali pake pa tairi la akiba, hilo mnalijua. Mahali hapo pangu pana kibodi. Nilikiweka mwezi uliopita nikakisahau. Nikakaa kando ya njia na kibodi mapajani, wapitao wakinitazama, mpaka akatokea muuza madafu mwenye baiskeli. Alinitazama akatazama kibodi.

"Hiyo ndiyo spea?" aliuliza.

"Ndiyo."

Hakucheka, Mungu ambariki. Alinikatia dafu, akachukua tairi langu begani akenda nalo Kivunge kulitia kiraka. Alichukua saa mbili. Nilitembea kutoka mnazi mmoja mpaka mwengine mara ambazo sikuzihesabu, kila mara nikikifungua kisanduku kutazama kama diski ipo, kana kwamba ingeshuka ikatembea. Aliporudi alikuwa na tairi, na samaki wa kukaanga kwenye gazeti, maana mkewe alimwambia mtu aliyekwama njiani huwa na njaa. Nilimla yule samaki nimesimama.

Kendwa nilifika alasiri. Mlinzi wa hoteli aliponiona na Vespa na bisibisi mfukoni alifungua geti kwa furaha, "Karibu fundi, tumekungoja tangu jana." Nikadhani Shija kapiga simu. Nikamfuata mbio, naye akanipitisha nyuma ya jiko mpaka kwenye pampu ya maji. Wageni wa watu wana siku mbili hawajakoga. Nikasema mimi sikuja kwa pampu, nimekuja kwa kompyuta. Mkuu wa stoo, Bwana Festo, mtu wa bara, mpole, mwenye msalaba mdogo shingoni, akaniambia, "Kompyuta itangoja, kaka. Maji hayangoji."

Ubishi ungechukua muda mrefu kuliko kazi. Nikaifungua swichi ya pampu, nikasugua vyuma vyake vilivyoota kutu ya chumvi, maji yakapanda. Baada ya hapo nilikuwa mfalme. Bwana Festo akanifungulia stoo yote. Tukapata taipureta, feni mbili bila mapanga, na kwenye kona, chini ya chandarua, printa ya mashine niliyokuwa nikiitafuta. Rangi ile ile, nembo ile ile. Nikauliza mwenziwe yuko wapi.

"Ile alipewa Bwana Haji, karani wetu, alipostaafu," alisema Bwana Festo. "Aliipenda. Aliipakata garini kama mtoto. Kwao Paje."

Paje, jamaa zangu, ni upande wa pili wa kisiwa. Nililala hapo kwa wafanyakazi, na kulipokucha nilikuwa njiani nikirudi kule kule nilikotoka, nikaipita njia ya mjini bila kuingia, maana ningemuona Saada ningebaki.

Paje

Alhamisi, kabla ya adhuhuri, niliulizia nyumba ya Haji wa Kendwa kwa wanawake waliokuwa wakianika mwani. Walitazamana, mmoja akanyoosha kidole. Nikabisha hodi. Akatoka mama wa makamo, kajifunga kanga kifuani. Nikamwambia namtaka Bwana Haji.

"Haji tushamzika," alisema. "Mwezi wa tatu huu. Mie dada yake, Mize. Mkewe yuko eda."

Nikatoa rambirambi, nikaomba dua, nikakaa barazani na kisanduku changu nikiona aibu, kwani nilikuja kuomba mashine kwenye nyumba ya msiba. Bi Mize akaniuliza nimebeba nini. Nikamueleza yote, maana uongo ungehitaji utulivu ambao sikuwa nao.

"Mashine ipo," alisema. "Lakini mirathi haijagawiwa. Humu hakitoki hata kijiko."

"Basi niruhusu niitumie humu humu, Bi Mize. Dakika kumi tu."

"Ipo chumbani kwa mwenye eda. Utaingiaje?"

Mwanamke aliyefiwa na mumewe hukaa ndani miezi minne na siku kumi, na mwanamume asiyekuwa maharimu wake haingii. Nalijua hilo tangu nina akili. Nikaona safari imekwisha, na sitawaficha, kifua kilinipungua uzito. Nikanyanyuka. Ndipo nikasikia sauti ya mwanamke nyuma ya pazia, tulivu kabisa.

"Mize, muulize, diski yake imeandikwa upande mmoja au pande mbili?"

Nikakaa tena. Hilo si swali la mtu aliyesikia kompyuta kwa jirani. Diski zile hugeuzwa kama kaseti. Nikajibu ni upande wa kwanza. Huyo alikuwa Bi Mwanaidi, mjane wa Haji, na kumbe mashine ile Haji aliipenda lakini aliyeitumia ni yeye. Wanawake wa Paje wenye watoto Maskati na Dar es Salaam huja kwake awaandikie barua. Akaniuliza yangu imeharibika wapi, nikamwambia. Akasema yake huifunika kanga mbili, kwani upepo wa huku una chumvi, na mkanda wake aliubadilisha mwenyewe.

"Ulisugua kwa nguvu," alisema.

"Naam."

"Mnaharakisha."

Bi Mize akaipokea diski kwangu akaipitisha chini ya pazia. Nikasikia swichi. Halafu nikasikia feni ya dukani jirani ikizunguka polepole, ikasimama. Umeme umekatika.

Basi tukangoja. Nikaletewa muhogo wa nazi na samaki changu wa kuchoma. Bi Mize akaketi mbele yangu kuhakikisha nakula. Nikauliza umeme hurudi saa ngapi. Akasema hurudi ukirudi. Nikasali adhuhuri, nikarudi barazani, nikahesabu mafungu ya mwani uani. Nilitaka urudi na nilitaka usirudi. Pale sahani ilipoondolewa feni ya jirani ikaanza kuzunguka.

Nyuma ya pazia mashine ilianza kukwaruza, sauti ninayoijua kuliko sauti ya mlango wangu. Alitia kwanza diski ya kuamshia, kisha akatia yangu.

"Imefunguka," alisema Bi Mwanaidi. "Ni majina. Nianze juu?"

Ningependa kuisoma mwenyewe. Ningependa kuwa peke yangu na ile skrini, na kitufe cha kufutia kikiwa karibu na kidole changu. Mnanijua, na mimi najijua.

"Anza juu, Bi," nilisema.

Akasoma. Wawili wenu wa baraza mumo, nitawaambia faragha, msiwe na wasiwasi, wake zenu hawamo. Alisoma kama mama alivyonisomea, jina, kituo, idadi. Nikaisikia pumzi ya mama baina ya majina. Lilipofika la kumi na tisa akasema, "Mbarouk wa Time. Siku kumi na moja, Time akiwa na homa. Kutwa mara tatu, akishiba."

Nikamuomba asome tena. Akasoma tena, vile vile.

"Kuna Mbarouk mwengine?"

"Hakuna. Lakini hapa chini yake pana maneno. Nisome?"

"Soma."

"'Suleiman ndiye aliyekuwa akimleta na kumrudisha.'"

Suleiman ni mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimbeba yule mtoto kutoka kwa Bi Time mpaka kwetu na kumrudisha, siku kumi na moja, mara tatu kwa siku, na maneno hayo niliyapiga chapa kwa vidole vyangu. Sikumbuki hata safari moja. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na minane, na kichwa changu kilikuwa kwenye redio niliyokuwa nikiiunga mwaka ule. Hata siku mama ananisomea nilikuwa nikifurahia herufi za kijani zinavyotokea, sisikii zinachosema. Nikalia pale barazani mbele ya Bi Mize, kwa sauti.

Diski ikatoka chini ya pazia. "Mie niko eda," alisema Bi Mwanaidi. "Habari za mjini sizisikii, na sizisemi." Sikujua alikuwa ananipa pole au ananipa njia. Nikashukuru, nikaondoka.

Kitogani

Kitogani, njiani kurudi mjini, nilisimamisha Vespa. Nikatoa diski nikaiweka kwenye kiganja. Kando palikuwa na kisima kikavu, kina kirefu. Mjini hakuna aliyejua nilikofika. Sheikh angesema haisomeki, basi. Bi Time angefurahi. Nasra angeolewa na mtu anayempenda tangu ana miaka kumi na sita, mtu ambaye hata mimi nampenda, anayepanda makaburini kunishikia taa bila kunicheka.

Nilikaa hapo mpaka injini ikapoa. Sikuwaza moto wa Jehanamu, nasema kweli. Niliwaza kwamba watapata watoto, na kila mtoto nitakayempakata nitajua. Nikairudisha diski kwenye kisanduku, nikapiga teke. Haikuwaka mpaka mara ya nane.

Nyumbani

Nilifika baada ya alasiri. Kutoka mtaa wa nyuma nilisikia vigelegele. Wapaka hina wamekuja mapema. Saada aliniona mlangoni, akanitazama usoni, akageuka akawaambia wapiga dufu wanyamaze. Tumekaa pamoja miaka ishirini na tatu, uso wangu anausoma.

Wakanipisha. Nasra alikuwa kwenye mkeka na miguu kainyoosha. Mkono wa kulia umejaa maua mpaka kwenye kiwiko, bado mbichi, na wa kushoto somo yake, kungwi wake, alikuwa anauanza, ana nukta tatu tu. Nikakaa chini mbele yake. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Tunguu. Yakapotea.

"Siku kumi na moja," nilisema. "Mara tatu kwa siku. Na mimi ndiye niliyekuwa nikimbeba."

Hakulia mbele yangu. Akauliza, "Baba, ungeikosa hiyo mashine, ningeolewa kesho?"

"Ungeolewa."

"Na ingekuwa halali?"

"Ingekuwa halali."

Akamgeukia somo yake, akamwambia ule mkono wa kushoto usimalizwe.

Mbarouk sasa ni mdogo wangu. Anaweza kuingia kwetu mpaka jikoni bila kungoja pazia, na Nasra hana haja ya kujifunika mbele yake. Nimempelekea salamu mara mbili. Hajaja. Chumba cha juu nimekifunga, na mashine nimeiacha kwa Shija, asiniulize.

Hina ya kulia ilikolea vizuri sana, ilikaa wiki tatu. Kila asubuhi Nasra aliniletea chai, akanipa kwa mkono huo wa kulia, kwa adabu, kama alivyofunzwa. Nami niliipokea.